Akihama ni Msaliti, Akihamishwa ni Biashara

Kila mwaka, pindi fainali za NBA, ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, zinapomalizika mwezi wa Juni, mchezo mwingine huanza. Mchezo huu hauna mwamuzi wala kipenga, na wachezaji wake ni mashabiki wenyewe. Suala linaloshindaniwa ni moja: je, nyota ambaye mkataba wake umemalizika atasalia alipo au atahamia timu nyingine? Mjadala huo hupamba moto katika miji ya Marekani na Kanada, na cheche zake hufika hadi kwenye mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya, ambako wapenzi wa mchezo huu hukesha usiku wa manane kuutazama.

Julai 2019, mji wa Toronto nchini Kanada ulikuwa ukisubiri kauli ya Kawhi Leonard, aliyekuwa ameiongoza timu ya Raptors kutwaa taji lake la kwanza katika historia. Helikopta ya habari ilirushwa angani kulifuata gari lililodhaniwa kuwa limembeba. Baadhi ya wenye mikahawa walikuwa wameahidi kumlisha bure muradi asalie. Siku chache baadaye ilibainika kwamba Leonard angejiunga na Los Angeles Clippers, kusini mwa California alikozaliwa na kukulia. Fununu, bashiri na ahadi zote ziliishia hapo.

Mtu asiyefuatilia mchezo huu anaweza kuyaona haya kuwa porojo za watu wasio na kazi. Makala haya yana mtazamo tofauti. Mashabiki wanapobishana iwapo nyota atahama, kwa hakika wanabishana kuhusu kazi na mwenye kazi, na kuhusu mpaka uliopo baina ya kupenda na kumiliki. Hayo ni masuala mazito. Kasoro ya mjadala wao iko katika lugha. Mchezaji anapoamua mwenyewe kuondoka huitwa msaliti. Timu inapomwondoa bila kumuuliza, husemwa kwamba hiyo ni biashara. Makala haya yanashikilia kwamba shabiki ana haki kamili ya kusikitika, na hata ya kukasirika, lakini hana haki ya kumgeuza binadamu kuwa mali yake. Aidha, wanafunzi wa lugha wanapaswa kuwa wa kwanza kuutambua upogo huu, kwa kuwa umejificha ndani ya maneno.

Kwanza, ni vyema kufafanua maana ya istilahi "mchezaji huru". Huyu ni mchezaji ambaye mkataba wake umekwisha na ambaye anaweza kuafikiana na timu yoyote inayomtaka. Uhuru huo haukushuka kama mvua. Kwa miaka mingi mikataba ya wachezaji wa kulipwa nchini Marekani ilikuwa na kipengele kilichomfunga mchezaji kwa timu yake hata baada ya muda wa mkataba kupita. Angeweza kuuzwa au kubadilishwa na mwenzake, lakini hangeweza kujiondokea. Mwaka wa 1969, Curt Flood, mchezaji mweusi wa besiboli katika timu ya St. Louis Cardinals, alikataa kupelekwa Philadelphia. Alimwandikia kamishna wa ligi akimweleza kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka wa 1972 akashindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Kufikia wakati huo maisha yake ya uchezaji yalikuwa yamekwisha.

Katika mpira wa vikapu, aliyeivalia njuga vita hivyo ni Oscar Robertson, mmoja wa wachezaji hodari kabisa wa zama zake na rais wa chama cha wachezaji. Mwaka wa 1970 yeye na wenzake waliishtaki ligi. Mwafaka ulipatikana mwaka wa 1976, na kifungo cha daima kikavunjwa. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa timu ya zamani iliendelea kuwa na haki ya kumzuia mchezaji kwa kumlipa kiasi kile kile alichoahidiwa kwingine. Ilikuwa mwaka wa 1988 ambapo Tom Chambers alihama kutoka Seattle hadi Phoenix akiwa wa kwanza kuondoka pasipo timu yake kuwa na uwezo wa kumzuia. Hivyo basi, kila shabiki anayeuliza "je, atahama?" anauliza swali ambalo kabla ya vita hivyo halingekuwa na maana. Asiyeweza kuhama haulizwi.

Mfano ulio maarufu zaidi ni wa LeBron James. James alizaliwa mwaka wa 1984 katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, si mbali na Cleveland. Mwaka wa 2003 timu ya Cleveland Cavaliers ilimteua wa kwanza miongoni mwa chipukizi wote. Kwa watu wa Cleveland, mji ambao haukuwa umeonja ubingwa katika michezo yake mikuu tangu mwaka wa 1964, kijana huyu alikuwa mwana wao aliyeletwa kuwafuta machozi. Mkataba wake ulipomalizika mwaka wa 2010, waliotaka asalie walikuwa na hoja ambayo Mswahili angeifupisha kwa methali moja: mcheza kwao hutunzwa. Waliotabiri kwamba angehama walijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Kwa miaka 7 timu ilikuwa imeshindwa kumpa wenzake wa kumsaidia kutwaa taji.

Tarehe 8 Julai 2010, James alitangaza katika kipindi maalum cha televisheni kwamba angejiunga na Miami Heat. Karibu watu milioni 10 walikuwa wakitazama. Usiku huo huo jezi zake zilichomwa moto mitaani Cleveland, na katika siku zilizofuata bango lake kubwa lililotawala katikati ya mji likateremshwa. Mmiliki wa timu, Dan Gilbert, alichapisha barua ya wazi iliyojaa hasira, akimshutumu kwa usaliti na kuapa kwamba Cleveland ingetwaa ubingwa kabla yake. Ligi ilimtoza faini ya dola 100,000. Mchungaji Jesse Jackson, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alisema kwamba Gilbert alimwona James kama mtumwa aliyetoroka. Wengi waliona kwamba Jackson alikuwa ametia chumvi, kwani mtu anayelipwa mamilioni ya dola hawezi kulinganishwa na mtumwa. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini swali lililo chini yake halifutiki kwa wingi wa fedha: mkataba ulikuwa umekwisha, hakuna ahadi ya kisheria iliyovunjwa, basi alichosaliti James ni kitu gani?

Yaliyofuata yanajulikana. James alitwaa mataji ya mwaka wa 2012 na wa 2013 akiwa Miami. Julai 2014 alitangaza kwamba anarejea Cleveland, na wale wale waliomlaani wakamwimbia sifa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwaka wa 2016 aliiongoza Cleveland kuwashinda Golden State Warriors baada ya kuwa nyuma kwa michezo 3 dhidi ya 1, na mji ukapata ubingwa ulioungoja kwa miaka 52. Kiapo cha mmiliki hakikutimia. Taji lililetwa na yule aliyeitwa msaliti. Alipoondoka tena mwaka wa 2018 kwenda Los Angeles Lakers, hapakuwa na moto mkubwa wa jezi. Deni lilihesabiwa kuwa limelipwa. Lakini hapa pana jambo la kutafakari. Ikiwa kuhama kwa mwaka wa 2018 hakukuwa usaliti, basi hata kule kwa 2010 hakukuwa. Kitendo ni kile kile. Kilichobadilika ni faida aliyopata shabiki.

Mfano wa pili ni wa Kevin Durant na timu ya Oklahoma City Thunder. Julai 2016 Durant alihamia Warriors, timu iliyokuwa imeshinda michezo 73 msimu huo na ambayo wiki chache awali ilikuwa imewang'oa yeye na wenzake kwenye nusu fainali. Hasira ya Oklahoma ilikuwa kubwa. Aliporudi huko kucheza Februari 2017, mashabiki walimpokea wakiwa wamevaa fulana zenye picha za keki ndogo, tusi la kumwita mtu laini asiye na uti wa mgongo. Wapo walioiona hasira hiyo kuwa ya haki, kwani kujiunga na aliyekushinda kunaondoa ladha ya ushindani.

Hata hivyo, jambo moja husahaulika katika kisa hiki. Timu ya Oklahoma City yenyewe ilihama. Kuanzia mwaka wa 1967 hadi 2008 ilikuwa ya Seattle, ikijulikana kama SuperSonics, na mwaka wa 1979 iliutwalia mji huo ubingwa. Mwaka wa 2006 ilinunuliwa na wafanyabiashara wa Oklahoma, na miaka 2 baadaye ikahamishwa. Mji wa Seattle ulienda mahakamani, kesi ikaishia kwa makubaliano ya dola milioni 45, na mashabiki wa miaka 41 wakaachwa bila timu. Durant mwenyewe alianzia Seattle mwaka wa 2007 na kuhamishwa pamoja na vifaa vya timu. Basi mchezaji aliyehamishwa na wamiliki bila kulalamikiwa na Oklahoma alikuja kuitwa mwoga na Oklahoma hiyo hiyo siku alipohama kwa hiari yake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Uaminifu wa timu kwa mchezaji nao uko wapi? Aprili 2017 Isaiah Thomas wa Boston Celtics alifiwa na dada yake katika ajali ya barabarani. Siku iliyofuata aliingia uwanjani na kufunga pointi 33. Mwezi uliofuata, katika siku ambayo marehemu angeadhimisha kuzaliwa kwake, alifunga pointi 53. Alicheza pia akiwa na jeraha la nyonga. Agosti mwaka huo huo Boston ilimpeleka Cleveland katika mabadilishano ya kumpata Kyrie Irving. Naye DeMar DeRozan alichezea Toronto kwa misimu 9. Mkataba wake ulipokwisha mwaka wa 2016 alitia sahihi mpya bila hata kukutana na timu nyingine. Julai 2018 timu hiyo ilimpeleka San Antonio ili impate Kawhi Leonard, yule ambaye baadaye helikopta ilirushwa kwa ajili yake. Ubingwa wa Toronto wa mwaka wa 2019 ulijengwa juu ya mgongo wa mtu aliyekuwa amekataa kuhama.

Kuhusu visa hivi viwili mashabiki wengi walihuzunika, lakini neno usaliti halikutawala. Lililotawala ni "biashara". Na hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapopaswa kutega sikio. Yanaposimuliwa matendo ya mchezaji, hutumika kauli ya kutenda: ameondoka, ametoroka, ametuacha, ametusaliti. Mtendaji yuko mbele ya sentensi akiwa amevishwa lawama. Yanaposimuliwa matendo ya timu, hutumika kauli ya kutendwa: amebadilishwa, ameachiliwa, amepelekwa. Mtendaji ametoweka. Msomaji hasikii nani aliyembadilisha, nani aliyemwachilia. Jambo huonekana kama limejitendekea lenyewe, mithili ya kiangazi au mafuriko. Sarufi hufundishwa darasani kama orodha ya viambishi, lakini katika habari za michezo kiambishi kimoja kinatosha kumwondolea mwenye nguvu lawama na kumtwika aliye mnyonge zaidi.

Mashabiki wenyewe wanaweza kuyang'amua haya pindi uchungu unapowafunza. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2025, timu ya Dallas Mavericks ilimpeleka Luka Dončić kwa Lakers na kumchukua Anthony Davis. Dončić alikuwa na umri wa miaka 25, na miezi michache awali alikuwa ameifikisha Dallas fainali. Hakuwa ameomba kuondoka. Mashabiki walikusanyika nje ya uwanja wao wakiwa na jeneza la kuigiza maziko, na kwa wiki nyingi waliimba uwanjani wakitaka meneja mkuu wa timu afutwe kazi. Kwa lugha ya sarufi, walikuwa wameirejesha "na" iliyokuwa imedondoshwa. Waliuliza: amebadilishwa na nani? Aprili 2025 Dončić alirudi Dallas akiwa na jezi ya wapinzani, akabubujikwa na machozi mbele ya umati uliomshangilia, kisha akafunga pointi 45. Hakuna aliyemwita msaliti, kwa sababu safari hii kila mmoja alimjua mtendaji.

Haifai, hata hivyo, kuwadharau mashabiki. Wao nao wana hoja. Ndio wanaonunua tiketi na jezi, na katika miji mingi ya Marekani kodi zao ndizo zinazosaidia kujenga viwanja. Wanapowalea watoto wao kuipenda timu, wanawekeza kitu kisichorudishwa kwa risiti. Mji mdogo kama Oklahoma City hauna fukwe za Miami wala majumba ya sinema ya Los Angeles. Nyota akiuacha, huenda miaka mingi ikapita kabla ya mwingine kuja. Anayemwambia shabiki wa namna hiyo kwamba "huu ni mchezo tu" hajui mchezo. Vilevile, uhuru wa mchezaji haumwondolei wajibu wa adabu. Katika utamaduni wa Waswahili, kuondoka si kosa. Kosa ni kuondoka bila kuaga, au kuaga kwa dharau. James alilaumiwa mwaka wa 2010, pamoja na mengine, kwa kuutangazia mji wake habari chungu katika kipindi cha televisheni cha nchi nzima. Lawama hiyo inasimama, ingawa kipindi hicho kilichangisha fedha za kuwasaidia watoto. Mwaka wa 2014 alieleza uamuzi wake kwa maandishi ya unyenyekevu, na yakapokelewa vyema. Namna ya kwenda inaweza kuhukumiwa. Haki ya kwenda haipaswi kuhukumiwa.

Pengine Kiswahili chenyewe kinatoa njia ya kutoka katika mkanganyiko huu. Shabiki husema "mchezaji wetu". Kimilikishi hicho kina sura ile ile katika "mkoba wetu" na katika "mgeni wetu", lakini maana zake zimepishana sana. Mkoba wetu tunaweza kuuza, kutupa au kufungia kabatini. Mgeni wetu hatuna uwezo huo juu yake. Ni wetu kwa sababu tulimpokea, tukala naye, naye akatufaa. Na siku yake ya kuondoka ikifika, ni wetu bado, na husindikizwa. Mwalimu wetu wa shule ya msingi huendelea kuwa wetu hata akiwa amehamia wilaya nyingine miaka 20 iliyopita. Ugomvi wa mashabiki unatokana na kulitamka neno "wetu" kwa maana ya mkoba wakati ambapo wangeweza kulitamka kwa maana ya mgeni au mwalimu.

Suala hili lina uzito nje ya viwanja pia. Mwalimu anayehamishwa na mwajiri huambiwa kwamba hizo ni taratibu za kazi. Akiacha kazi kwa hiari ili atafute malisho bora, huambiwa hana moyo wa wito. Muuguzi na mhadhiri wanaoenda ng'ambo huimbiwa wimbo huo huo. Katika kila hali, uaminifu hudaiwa kutoka upande mmoja, na lugha ndiyo mdai. Wahitimu wa Kiswahili ndio watakaotangaza michezo redioni, watakaohariri kurasa za magazeti na watakaosimama mbele ya madarasa. Wakiendelea kuandika kwamba mchezaji "ameuzwa" na kwamba mwenzake "amesaliti", bila kupima maneno hayo, watakuwa wanarithisha mizani iliyopinda.

Inawezekana kufanya vinginevyo, na Toronto ni ushahidi. Desemba 2019 Kawhi Leonard alirejea katika mji huo akiwa na jezi ya Clippers. Alikaa kwa msimu mmoja tu, aliombwa na wengi asalie, na akaondoka. Umati ulisimama na kumshangilia alipokuwa akikabidhiwa pete ya ubingwa. Walikuwa wameumia, na huenda wangali wakiumia, lakini walitambua kwamba alichowapa hakikufutwa na kwenda kwake. Julai nyingine itakapofika na ubishi ukaanza upya, shabiki anayetaka kupima haki ya maneno yake ana kipimo chepesi. Achukue sentensi aliyoitamka kuhusu mchezaji, aweke jina la timu mahali pa jina la mchezaji, kisha aisome tena. Ikiwa bado ataiita biashara upande mmoja na usaliti upande wa pili, ajue kwamba hajadili tena mpira wa vikapu. Anadai mali isiyo yake.